Alama ya Kifo au Hati ya Kung'atuka? Istilahi za Seli na Masikio ya Burnt Forest

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wasemao ovyo majukwaani. Ni nadra kutumiwa kuwaonya waundao istilahi. Hata hivyo, mwundaji wa istilahi naye ana ulimi, na neno lake likishaingia kamusini na katika vitabu vya shule, halitoki kwa urahisi. Makala haya yanadai kwamba wakati umewadia kwa wataalamu wa Kiswahili kuamua ni kwa maneno gani watakayolieleza mojawapo la mambo makuu yaliyogunduliwa na baiolojia katika nusu karne iliyopita, yaani namna seli inavyodhibiti mgawanyiko wake kwa kuziwekea protini zake lebo na kuziondoa kwa zamu. Fauka ya hayo, yanadai kwamba uamuzi huo haufai kufanywa mezani pekee. Ufanywe kwa kuyazingatia masikio ya mahali kama Burnt Forest.

Kwanza jambo lenyewe. Kila seli ya mwili inapotaka kugawanyika hunakili DNA yake, kisha hutenganisha nakala mbili za kila kromosomu na kuzipeleka pande mbili. Binadamu ana kromosomu 46 katika seli ya kawaida, na kosa la kromosomu moja tu laweza kuleta maradhi. Swali lililowashughulisha wataalamu kwa muda mrefu ni hili: seli hujuaje kwamba hatua moja imekwisha na nyingine ianze? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 1982, wakati Tim Hunt alipokuwa akichunguza mayai ya mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba huko Woods Hole, Marekani. Aliona protini iliyokuwa ikiongezeka polepole, kisha ikitoweka ghafla kila seli ilipogawanyika, kisha ikianza kuongezeka upya. Protini hiyo ikaitwa saiklini. Hunt alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse.

Protini haitoweki yenyewe. Kinachoiondosha ni utaratibu ulioelezwa na Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, ambao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Seli ina protini ndogo sana yenye asidi amino 76 iitwayo ubikuitini, jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya "kila mahali", maana hupatikana katika takriban kila aina ya seli yenye kiini. Vimeng'enya vya aina tatu hufanya kazi kwa kupokezana: cha kwanza huiamsha ubikuitini, cha pili huibeba, na cha tatu huichagua protini inayostahili na kuibandika ubikuitini hiyo. Zikishabandikwa kadhaa zikafanya mnyororo, protini hiyo hupelekwa katika proteasomu, mashine ya seli yenye umbo la pipa, ambamo hukatwakatwa vipande vidogo. Kimeng'enya cha tatu ndicho chenye hekima ya kuchagua, na seli ya binadamu ina mamia ya vimeng'enya vya aina hiyo.

Miongoni mwa mamia hayo, machangamano mawili ya protini ndiyo yanayoshika hatamu za mgawanyiko. La kwanza, liitwalo kwa kifupi SCF, huziondoa protini zinazoizuia seli kuanza kunakili DNA. La pili, APC/C, lilitambuliwa mwaka 1995 na ni kubwa ajabu: kwa binadamu limeundwa kwa protini za aina 14. Hili ndilo linaloibandika lebo saiklini, na pia huibandika sekurini, protini inayomfungia kazini mkataji wa pete zinazozishikanisha kromosomu pacha. Sekurini ikiondoka, mkataji hufunguliwa, pete hukatika, na kromosomu huachana. Saiklini ikiondoka, seli humaliza kugawanyika na kutulia. Bila kuondoka huku, hakuna kuzaliwa kwa seli mpya.

Hapo ndipo mwanaisimu anapoingia. Istilahi za jambo hili zilizaliwa katika Kiingereza, na zilizaliwa na sitiari zake. Kamati ya Nobel ilipotangaza tuzo ya mwaka 2004, lebo ya ubikuitini ilifananishwa na busu la mauti. Sehemu ya saiklini inayotambuliwa na APC/C, iliyoelezwa mwaka 1991, ilipewa jina ambalo kwa tafsiri ya neno kwa neno ni "kisanduku cha maangamizi". Mfasiri mvivu hana kazi kubwa: atasema protini "hutiwa alama ya kifo", kwamba zisizotakiwa "huangamizwa", na kwamba seli "husafishwa". Maneno haya ni ya Kiswahili fasaha. Sarufi haina lawama nayo. Tatizo liko kwingine.

Burnt Forest ni mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, katika Kaunti ya Uasin Gishu, si mbali na Kesses kilipo Chuo Kikuu cha Moi. Ni nchi ya baridi, mahindi, ngano, viazi na maziwa. Jina lake lenyewe lina maana ya msitu ulioungua. Mji huu uliguswa na mapigano ya kikabila ya mwaka 1992, na ukaguswa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati ambapo, kwa hesabu ya Tume ya Waki, watu 1,133 waliuawa nchini Kenya. Katika miaka hiyo Kiswahili kilitumiwa vibaya. Neno "madoadoa", ambalo mtoto hulijua kwa chui na ng'ombe, liligeuzwa kuwa jina la majirani waliotakiwa kuhama. Januari 2022 neno hilo liliporudi jukwaani mjini Eldoret, mwanasiasa aliyelitamka alitiwa mbaroni. Miezi michache baadaye, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya kuangaliwa katika kampeni, na miongoni mwayo yalikuwamo "madoadoa", "kwekwe" na "mende". Wasomaji wa historia ya eneo hili wanakumbuka pia kwamba nchini Rwanda, mwaka 1994, redio iliwaita binadamu mende kabla ya panga kunyanyuliwa.

Basi na achukuliwe mwalimu wa baiolojia anayewaeleza wanafunzi wa eneo hili, kwa Kiswahili, kwamba ndani ya mwili kuna kundi linalowatia wengine alama ili waangamizwe na mwili usafike. Wanafunzi wataelewa. Wataelewa upesi kupita kiasi, kwa sababu hadithi hiyo wameisikia kwa wazazi wao, nayo haikuwa ya protini. Wapo watakaoumia kimya. Wapo, na hili ndilo baya zaidi, watakaodhani kwamba sayansi imethibitisha kwamba kutiana alama na kusafishana ni kanuni ya maumbile.

Kuna pingamizi hapa, nalo si dogo. Itasemwa kwamba protini si watu, kwamba sayansi haiwezi kusubiri majeraha ya siasa yapone, na kwamba lugha inayoogopa maneno yake haitafika popote. Itaongezwa kuwa hata neno "kuua" hutumika kwa viini vya magonjwa na hakuna aliyelalamika. Katika miaka ya kampeni dhidi ya UKIMWI, chembe nyeupe za damu ziliitwa askari wa mwili, na sitiari hiyo ya vita iliwasaidia wengi kuelewa kinga ni nini. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Iwapo sitiari ya mauti ingekuwa sahihi kisayansi, ingelazimu kuivumilia na kuifafanua.

Lakini si sahihi. Kirusi ni mgeni aingiaye mwilini na kudhuru; saiklini ni mwana wa seli yenyewe, aliyeitwa kufanya kazi, akaifanya, na muda wake ukafika. Haiondolewi kwa sababu ya asili yake. Inaondolewa kwa sababu ya saa. Mzunguko ujao ukifika, seli huitengeneza tena, ileile, na kuipa kazi ileile. Vipande vyake havitupwi: hukatwa zaidi hadi kuwa asidi amino ambazo hujengea protini nyingine. Ubikuitini nayo hubanduliwa kabla ya protini kuingia katika pipa, ikarudi kutumika tena. Aidha, si kila lebo ya ubikuitini ni ya kuondolewa. Ipo minyororo ya ubikuitini iliyounganishwa kwa namna nyingine, ambayo kazi yake ni kupeleka ujumbe au kuwaita mafundi wa kurekebisha DNA iliyoharibika. Vipo pia vimeng'enya vinavyobandua lebo na kuinusuru protini iliyokwisha kubandikwa. Alama inayoweza kukatiwa rufaa haiwezi kuitwa busu la mauti.

Kuna na jambo jingine ambalo sitiari ya maangamizi hulifunika kabisa. APC/C haliruhusiwi kufanya kazi mpaka kila kromosomu iwe imeshikwa na nyuzi kutoka pande zote mbili. Ikibaki kromosomu moja tu ambayo haijashikwa, ishara hutoka kwake na kulizuia changamano zima, na seli nzima husubiri. Kromosomu 45 zilizo tayari haziiambii moja iliyochelewa kwamba wengi wape. Kama sayansi ina funzo kwa watu wa Burnt Forest kutokana na seli, funzo hilo liko hapa, nalo limepotea katika tafsiri.

Je, neno gani lifae? Makala haya yanapendekeza kwamba jibu liko tayari katika Kiswahili, katika kitenzi "kung'atuka", ambacho Mwalimu Julius Nyerere alikieneza alipoacha urais wa Tanzania mwaka 1985, kikitoka katika lugha yake ya Kizanaki. Kung'atuka ni kuacha ulichokishika kwa sababu muda umetimia na wengine wanangoja. Saiklini hung'atuka. Sekurini hung'atuka. Tendo la kubandika ubikuitini laweza kuitwa "kutia lebo", kwa kuwa neno lebo limekwisha kuzoeleka madukani na halina damu mikononi. Changamano la APC/C laweza kuitwa "changamano hitimishi", kwa sababu ndilo linalohitimisha mgawanyiko, na SCF likaitwa "changamano funguzi", kwa sababu ndilo linalofungua mlango wa kunakili. Maumbo haya yanafuata njia ileile iliyozaa "elekezi" na "chunguzi". Majina ya protini moja moja, kama ubikuitini, saiklini na sekurini, yaachwe yakopwe kwa kutoholewa, maana mwanafunzi atakayeendelea na masomo atayakuta majina hayo katika kila lugha ya dunia.

Itaulizwa kama "kung'atuka" hakupotoshi, kwa kuwa mtu hung'atuka kwa hiari ilhali saiklini haina hiari. Swali hili ni halali, na mofolojia ya Kiswahili ina jibu: kiambishi cha kutendesha na cha kutendwa vyaweza kubeba tofauti hiyo. Changamano hung'atusha, saiklini hung'atushwa. Lugha chache zina wepesi wa namna hii wa kuonyesha ni nani anayetenda na ni nani anayetendwa katika neno moja. Itaulizwa pia kama neno hilo nalo si la kisiasa. Ni la kisiasa, naam. Hakuna sitiari isiyo na jasho la watu. Tofauti ni kwamba siasa iliyolizaa neno hili ni siasa ya kuachiana nafasi, na siasa iliyoyazaa yale mengine ni ya kunyang'anyana.

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni mazungumzo ya wasomi, na kwamba mkulima wa Burnt Forest hana haja na machangamano ya protini. Ukweli ni kwamba machangamano hayo yako shambani mwake tayari. Kwa miaka mingi wakulima wa nafaka wametumia dawa ya magugu iitwayo 2,4-D, ambayo huua magugu yenye majani mapana na kuiacha ngano. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba homoni ya ukuaji ya mimea, auksini, hupokewa na protini iitwayo TIR1, ambayo ni kiungo cha changamano la SCF. Dawa ya 2,4-D huiga auksini: hujipachika katika TIR1 na kulifanya changamano lizitie lebo bila kikomo zile protini zinazozuia ukuaji. Vizuizi vikishaondoka, gugu hukua ovyo, shina likapinda na majani yakajikunja, na hatimaye likafa. Yaani gugu halifi kwa kunyimwa. Hufa kwa kukosa breki. Maelezo haya, kwa Kiswahili chepesi, yangemwonyesha mkulima kwa nini dawa hiyo ikipeperushwa na upepo huharibu maharagwe na viazi vya jirani. Hapa pia neno lina uzito wake, kwani gugu na kwekwe ni ndugu, na mwalimu anayejua historia ya mahali atalieleza gugu kama mmea uliokosa breki, asije akalifanya mfano wa watu.

Haja ni kubwa zaidi katika hospitali. Wagonjwa wa saratani kutoka nyanda hizi hupelekwa Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na wengi wao huelezwa ugonjwa wao kwa Kiswahili. Saratani ni ugonjwa wa mgawanyiko usiokoma, na mara nyingi chanzo chake kiko katika taratibu hizihizi za lebo. Virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi hutengeneza protini inayokiteka kimeng'enya cha seli na kukilazimisha kuitia lebo p53, mlinzi anayeisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika. Mlinzi hung'atushwa kabla ya wakati, na seli mbovu huendelea kugawanyika. Oktoba 2019 Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa umri wa miaka 10, na mama anayeulizwa kama binti yake achanjwe anastahili kuambiwa chanjo hiyo inazuia nini hasa. Mpaka sasa mengi anayoambiwa ni kwamba "inazuia saratani", maneno ambayo ni ya kweli lakini hayajibu swali la mtu mwenye shaka.

Kiswahili hakikosi misingi ya kazi hii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ilikuwa kazi kubwa, lakini ilitoka miaka 5 kabla ya APC/C kutambuliwa, na haingeweza kulitaja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo kinachokosekana ni watu wa kukaa pamoja. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na nyingi kati ya tasnifu hizo hurudia uchambuzi wa vitabu vilevile. Chuo Kikuu cha Eldoret, pale Chepkoilel, kina wataalamu wa mimea waliozalisha mbegu za ngano zinazostahimili kutu ya shina. Hospitali ina wauguzi wanaotafsiri kila siku bila kamusi, wakibuni maneno papo kwa papo mbele ya mgonjwa. Makundi haya matatu yako ndani ya kaunti moja.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu ndivyo vinavyofaa kuyakutanisha. Hatua ya kwanza si kuunda maneno. Ni kwenda kuyasikiliza: wauguzi husemaje "seli iliyokosa breki"? Wakulima wa Burnt Forest huliitaje gugu lililojipinda baada ya kunyunyiziwa dawa? Walimu wa sekondari huepuka maneno gani darasani, na kwa nini? Hatua ya pili ni kuyajaribu mapendekezo, yakiwemo haya ya "kung'atushwa" na "changamano hitimishi", mbele ya watu wa mahali hapo, na kuyatupa yale yatakayokataliwa. Kamati za istilahi zimezoea kupima neno kwa vigezo vya usahihi, ufupi na ulinganifu wa sarufi. Kigezo cha nne kinastahili kuongezwa: neno lisikike bila kumjeruhi msikilizaji ambaye jana lilitumiwa dhidi yake.

Kigezo hiki hakitaifanya sayansi kuwa laini. Kwa mfano huu wa seli, kimeifanya kuwa sahihi zaidi, kwa sababu kilimlazimu mtafsiri kuuliza protini inaondolewa lini, kwa kibali gani, na inarudi kuwa nini. Mwanafunzi atakayeuliza maswali hayo matatu ameielewa saiklini kuliko yule aliyekariri kwamba imetiwa alama ya kifo. Wapenzi wa Kiswahili wana kazi ya kumwandalia lugha ya kuyaulizia.